Muulize Mwalimu: Mtunzi wa muziki huona nini kwenye picha?

Toleo lililopita niliwagusia kidogo tu habari za Mussorgsky, mtunzi wa Kirusi, na kazi yake ya piano iitwayo Picha za Maonyesho, nikadhani nimemaliza. Kumbe nimechokoza mzinga. Barua zilizokuja zingejaza gazeti zima, na mhariri amenipa kurasa zilezile za siku zote. Nimechagua tano. Walioulizia bei ya piano za mtumba wanivumilie hadi mwezi ujao.

Shikamoo Mwalimu. Nina miaka kumi na tisa, najifunza piano hapa Morogoro, mwaka wa nne sasa. Mwalimu wangu amenipa hizo Picha za Maonyesho na kila siku ananiambia, “Cheza kama unavyoiona picha.” Nimezitafuta mtandaoni, nyingine hazipo kabisa. Sasa nitazionaje? Halafu, mtu asiyeambiwa jina la kipande, akisikiliza tu, atajua kwamba hiki ni kifaranga na hiki ni lango? Au majina ndiyo yanatudanganya?

Marahaba, mwanangu. Nianze na swali lako la mwisho, maana jaribio hilo nimelifanya mwenyewe bila kukusudia.

Mwaka 1983 mwalimu mmoja wa kigeni aliyekuwa anarudi kwao aliniachia kaseti kumi na moja ndani ya boksi la viatu. Moja ilikuwa imebanduka karatasi, imebaki gundi tu. Nikaiweka: piano peke yake, mwanzo hadi mwisho. Jioni nilikuwa nakaa kibarazani na jirani yangu, karani wa reli hapa Tanga, tunakunywa kahawa na kuisikiliza mpaka betri zinaishiwa na piano inaanza kuvuta maneno kama mlevi. Hatukumjua mtunzi wala jina la kazi. Basi tukawa tunavipa vipande majina yetu. Kile kizito cha mkono wa kushoto, kinachojikokota, yeye alikiita Lori la Mkonge. Mimi nilikiita Maziko. Kile chepesi cha juujuu, cha kudonoadonoa, hatukubishana: Panya Darini. Kuna kimoja kinakwenda mbio, maneno juu ya maneno, hakuna anayemsikiliza mwenzake, jirani akasema, “Hawa ni kina mama bombani, maji yametoka saa moja tu.” Na kile cha mwisho, kikubwa, chenye kengele, mimi nilikiita Pasaka, yeye akasema kwake ni usiku wa Idi, mwezi umeshaonekana.

Ilipita miaka miwili ndipo nikaiona nota yake. Lori la mkonge ni mkokoteni wa Kipolandi unaovutwa na ng’ombe. Panya ni vifaranga walio bado ndani ya mayai. Kina mama bombani ni wanawake wa sokoni Limoges, Ufaransa, wakigombana. Pasaka, au Idi, ni Lango Kuu la Kiev. Nilipomsomea jirani yangu orodha hiyo alipaliwa na kahawa kwa kucheka.

Kwa hiyo jibu ni kwamba jina hutalijua. Ila tazama tulichokosea na tulichopatia. Vitu tulivikosea vyote. Mwendo hatukukosea hata mmoja: mzigo unaovutwa kwa shida, viguu vidogo vyenye haraka, midomo inayogombania nafasi, umati uliosimama mahali pana wenye furaha. Ndicho ninachotaka ukishike, maana kinajibu na swali lako la kwanza. Picha imetulia, muziki hauwezi kutulia hata ukitaka. Mtunzi akisimama mbele ya picha anatafuta kitu kinachoweza kwenda: gurudumu, kasia, mguu, ulimi. Asipokiona, anakiongeza mwenyewe.

Na Mussorgsky aliongeza kweli. Viktor Hartmann alikuwa msanifu majengo na mchoraji wa Kirusi, rafiki yake. Alifariki ghafla mwaka 1873, umri wake miaka 39. Mwanzoni mwa 1874 rafiki yao wote wawili, mhakiki Vladimir Stasov, alisaidia kuandaa maonyesho ya kazi za marehemu mjini St Petersburg, kazi zaidi ya 400. Mwezi Juni Mussorgsky akaketi kwenye piano, na kwa wiki tatu hivi vipande vyote kumi vikawa tayari. Alimwandikia Stasov kwamba sauti na mawazo yanaelea hewani, anayameza mpaka anavimbiwa, mkono hauwahi kuandika.

Sasa linganisha. Kile Kibanda chenye Miguu ya Kuku, kinachotisha vile, kwenye karatasi ya Hartmann ni saa. Saa yenye umbo la kibanda cha Baba Yaga, yule bibi mchawi wa ngano za Kirusi. Ni saa ya kupendeza, ungeiweka sebuleni. Bibi mwenyewe hayumo. Mussorgsky ndiye aliyempandisha kwenye kinu chake na kumpa mchi wa kujisukumia, akamrusha angani (ndiyo, Warusi nao mchawi wao anasafiri kwa kinu, huku kwetu tumewazoea wa ungo). Vifaranga walikuwa mchoro wa mavazi ya watoto wa kucheza baleti, mtoto amevishwa yai, kichwa na miguu vimetokeza. Wale Wayahudi wawili wa kipande kingine, tajiri na maskini, walikuwa picha mbili mbalimbali, kila mmoja na karatasi yake. Hartmann alikuwa amempa Mussorgsky zawadi. Tajiri na maskini hawajawahi kukutana kwenye rangi. Kwenye piano wanazungumza: mmoja anatoa amri kwa sauti nzito, mwingine anatetemeka juu kwa noti zinazojirudia, kisha wanasema pamoja na tajiri hampishi.

Lango ndilo linalonishangaza zaidi. Mwaka 1866 Tsari Alexander wa Pili aliponea chupuchupu kuuawa, ikaamuliwa Kiev ijenge lango la kumshukuru Mungu. Hartmann akashiriki shindano, akachora lango lenye kuba mfano wa kofia ya chuma ya vita ya Waslavi, na kengele zake. Shindano likafutwa, lango halikujengwa. Kilichobaki ni karatasi ya penseli na rangi za maji unayoweza kuibeba kwapani. Ukiitazama baada ya kuusikia muziki utadhani umeletewa picha siyo.

Kuhusu picha usizozipata: usihangaike, wala wataalamu hawanazo. Nyingi za zile zilizohusika zimepotea. Mkokoteni hatunao, ngome ya kale hatunayo, soko la Limoges hatunalo. Ulizonazo ni vifaranga, Wayahudi wawili, mapango ya makaburi ya Paris, saa na lango.

Lakini iko picha moja ambayo Hartmann hakuichora, nayo unayo mikononi: mtu anayetembea ukumbini. Hiyo ni Promenade, yaani matembezi, inayofungua kazi na kurudirudi kati ya picha. Kwa solfa, maana najua umepita kwaya kabla ya piano: *la so do, re-so mi, re-so mi do re la so*. Uimbe polepole ukitembea chumbani. Mapigo matano, halafu sita. Mguu ulioanza nao yale matano sio utakaoanza nao yale sita. Ni mwendo wa mtu mnene (Mussorgsky hakuwa mwembamba) anayesita, anasogea, anatazama ukutani badala ya kutazama sakafu. Na sikia jinsi inavyoanza, sauti moja peke yake, kisha wengi wanaitikia kile kile. Kila mtu aliyewahi kuanzisha wimbo kanisani anajua hiyo ni nini.

Kuna jambo sijaliona limeandikwa popote, nalisema kama langu. Baada ya msiba Mussorgsky alimwandikia Stasov akikumbuka mara ya mwisho alipotembea na Hartmann mtaani. Hartmann alisimama ghafla, akapauka, akaegemea ukuta wa nyumba, hawezi kuvuta pumzi. Mussorgsky akamtuliza, wakaendelea na safari yao. Baadaye alijilaumu kwamba hakuelewa kilichokuwa kinatokea. Haujapita mwaka anatunga muziki wa mtu anayetembea akisimama, akitembea akisimama, mbele ya kuta zenye kazi za yule yule. Mimi siwezi kuisikia Promenade bila ule ukuta.

Na ukifika kwenye makaburi ya Paris, utaona ile Promenade imegeuka: imehamia kwenye huzuni, mkono wa kulia unatetemeka juu kama mwanga wa mshumaa. Mussorgsky aliandika kwa penseli kwamba roho ya Hartmann inamwongoza kwenye mafuvu, inayaita, na mafuvu yanaanza kung’aa taratibu. Tangu hapo mtembeaji hayuko tena nje ya picha. Ameingia.

Basi mwalimu wako akisema “cheza kama unavyoiona picha”, wewe cheza kama unavyomwona anayeitazama. Nadhani ndivyo alivyokusudia, ila walimu tuna tabia ya kufupisha.

Mwalimu, toleo lililopita uliandika kwamba kile kipande cha mkokoteni, Bydło, “kinaanza kwa mbali, kwa sauti ya chini, kisha mkokoteni unakaribia.” Nota niliyonayo ina ff, yaani kwa nguvu sana, pale mwanzoni kabisa. Wewe ulitumia nota gani? Mwongoza kwaya, Kilifi.

Umenikamata, ndugu yangu. Nota yako ni sahihi, na mimi niliandika kwa kumbukumbu ya okestra.

Kisa chenyewe ni hiki. Mussorgsky alifariki 1881 kazi hii haijachapishwa. Ilitoka 1886, imepitiwa na rafiki yake, mtunzi Rimsky-Korsakov, mtu mwema aliyekuwa na ugonjwa mmoja, wa kusahihisha wafu. Aliona si adabu mkokoteni uanze kwa kishindo. Akashusha sauti mwanzoni, akaipandisha kidogo kidogo. Mwaka 1922 mtunzi wa Kifaransa, Ravel, alipoipanga kazi hii kwa okestra, kwa ombi la kiongozi wa okestra Koussevitzky, alikuwa na toleo hilo hilo mezani, akaufuata mkokoteni unaotokea mbali, akalipa tuba, tarumbeta kubwa la sauti nzito, wimbo wake. Ikapigwa Paris Oktoba ile, ikapendwa dunia nzima. Toleo linalofuata mkono wa Mussorgsky mwenyewe lilikuja 1931, wakati huo masikio ya watu yameshazoea.

Nikiulizwa, Mussorgsky alikuwa sahihi na Rimsky-Korsakov alikosea. Kitu kinachokaribia polepole ni picha ya mtu aliyeko dirishani. Kishindo cha ghafla ni cha mtu aliyeko barabarani, mkokoteni umeshamfikia, magurudumu yako usawa wa uso. Na nikuongezee: kwenye nota hakuandika mkokoteni popote. *Bydło* kwa Kipolandi ni ng’ombe, mifugo. Mkokoteni alimnong’oneza Stasov kwenye barua, akasema hiyo ibaki kati yao wawili. Kwa hiyo hata jirani yangu na lori lake la mkonge hakuwa mbali kiasi kile.

Ravel, pamoja na hayo, namsamehe kwa kumpa saksafoni ile ngome ya kale na kumpa tarumbeta iliyozibwa mdomo yule maskini anayetetemeka. Kile ambacho sijamsamehe ni kuiacha Promenade ya tano. Mtembeaji amebakiza hatua hizo kufika sokoni, wewe unamkata miguu?

Assalaam aleikum Mwalimu. Mimi ni mtu wa Wete, nimeshika kafi kabla sijashika kalamu. Mjukuu wangu kanisikilizisha muziki wa Rachmaninoff, Kisiwa cha Wafu, akanambia ule mdundo wa mwanzo ni makasia. Nimeuhesabu mara tatu. Ni tano! Hapana mtu apigaye kasia kwa tano. Huyo bwana alipata kupanda chombo?

Waaleikum salaam, mzee mwenzangu. Barua yako niliisoma kwa sauti nyumbani, imepita kwa kura zote.

Kwanza picha, kwa wasioijua. Arnold Böcklin, mchoraji wa Uswisi, aliichora mara tano kati ya 1880 na 1886. Maji yametulia kama mafuta. Kisiwa cha majabali kimeinuka, katikati misonobari myeusi mirefu iliyobanana. Mashua ndogo inakiendea; nyuma mpiga kasia, mbele mtu amesimama, amefunikwa nguo nyeupe gubigubi, pamoja na jeneza. Jeneza na yule mwenye nguo nyeupe waliongezwa kwa sababu ya mjane mmoja, Marie Berna, aliyetaka picha ya kumkumbuka mumewe. Jina la Kisiwa cha Wafu nalo si la mchoraji, ni la mfanyabiashara wa picha aliyeona litauza. Liliuza: nakala zake zilitundikwa majumbani Ujerumani nzima.

Rachmaninoff, mtunzi wa Kirusi, aliiona Paris mwaka 1907, nakala ya nyeusi na nyeupe. Akaibeba kichwani hadi Dresden, akautunga muziki wake 1909. Baadaye alipoiona yenyewe na rangi zake haikumgusa sana. Alisema angeiona hiyo kwanza pengine asingeandika kitu. Namwelewa. Mimi pia niliiona mara ya kwanza kwenye kitabu kikuukuu kisicho na rangi, maji na mbingu vyote wino, na siku nilipoona ina rangi ya kahawia na kijani nilihisi kama mtu amewasha taa chumba cha maiti.

Sasa kasia. Uko sahihi kwamba mtu mwenye safari yake hapigi kwa tano. Kasia lina kuvuta na kurudisha, na mpigaji mzoefu anavilinganisha, ndiyo maana nyimbo za baharini zinakaa juu ya kasia bila taabu. Rachmaninoff amekataa kulinganisha. Gonga mezani na mimi: *moja-mbili, moja-mbili-tatu. Moja-mbili, moja-mbili-tatu.* Kuvuta kwa mbili, kurudisha kwa tatu. Ukishazoea, anageuza: tatu kwanza, halafu mbili. Mkono wako utakuwa unataka kumaliza kwa nne au kuongeza moja iwe sita, naye hakupi. Chombo kinakwenda lakini hakitulii, na huwezi kuwekea wimbo juu yake. Chini kuna nyuzi nene, kinubi na ngoma, giza tupu, dakika kadhaa.

Tena msikilize vizuri hapo katikati. Tano zinakoma, inakuja tatu, na vayolini zinapanda kwa hamu kubwa kabisa, kama mtu anayekumbuka duniani. Hiyo kwenye picha haipo hata kwa tone la rangi. Ni sehemu ambayo hakuna mchoraji angeweza kuiweka, kwani ni ya nyuma, ya kabla mashua haijang’oa. Kisha kinaingia kipande cha *Dies irae*, ule wimbo wa Kilatini wa misa ya wafu unaoanza kwa noti nne, *do ti do la* (Rachmaninoff aliupenda mno, karibu kila jiko lake lina chumvi hiyo), na mwisho tano zinarudi. Kama dakika ishirini kwa jumla.

Sasa nami nikuulize, mzee. Umewahi kupeleka maiti kwa chombo kisiwani? Waliokuwa kwenye makasia siku hiyo walipigaje? Niandikie. Nitaichapisha barua yako kama ilivyo.

Nimesoma mahali kwamba Debussy aliitunga La Mer kwa sababu ya lile wimbi la Mjapani. Ni kweli?

Wimbi la mchoraji Hokusai, la mwaka 1831 hivi, Debussy, mtunzi wa Kifaransa, alikuwa nalo ukutani, na nota ya La Mer, yaani Bahari, ilipochapishwa 1905 jaladani liliwekwa wimbi hilo, mashua na mlima Fuji vimeondolewa. Huo ndio ushahidi wote. Jalada ni nguo. Haliniambii mtoto alizaliwaje. Kazi yenyewe aliianza 1903 akiwa Burgundy, bara kabisa, mbali na pwani, akimwandikia rafiki yake kwamba bahari anayo ya kutosha kwenye kumbukumbu na kwamba utotoni ilikuwa awe baharia. Nikiisikiliza La Mer silioni wimbi moja limeinua kucha kama la Hokusai. Naona maji mengi yasiyo na umbo, kila yakikaribia kuwa kitu yanavunjika. Huenda alichochukua kwa Mjapani ni ruhusa ya kuyaondoa mashua.

Mwalimu, mimi ni mchoraji, naishi Dar es Salaam. Kila ukieleza habari hizi unasema mtunzi anatafuta kinachotembea. Mimi sichori mashua wala kuku. Nachora rangi. Turubai zima bluu, au nyekundu juu ya nyeusi. Hakuna kinachotembea humo. Ina maana sina kitu cha kumpa mwanamuziki?

Swali lako limenikosesha raha wiki nzima, kwa sababu linaitoboa hoja yangu mahali ninapopajua.

Upo mjini Houston, Marekani, ukumbi wa pembe nane wa sala na ukimya, wa watu wa dini zote. Ndani mna turubai 14 za mchoraji Mark Rothko, kubwa kuliko milango, nyeusi, na nyingine zambarau iliyokaribia kuwa nyeusi. Hakuna taswira. Rothko alijiua Februari 1970; ukumbi ulifunguliwa mwaka mmoja baadaye bila yeye. Mtunzi Morton Feldman, rafiki yake wa New York, akaombwa aandike muziki wa mahali hapo. Uliimbwa mle ndani 1972. Ni fiola moja (dada mkubwa wa vayolini), kwaya isiyo na maneno, soprano, celesta (kinanda kidogo chenye sauti ya kengele) na vyombo vya kugonga.

Nilipousikia mara ya kwanza nililala. Nasema ukweli. Nilikuwa nangoja utembee. Kwaya inashika sauti moja, inaiachia, kimya. Ngoma inaguswa mbali, kimya. Fiola inasema neno na kunyamaza. Feldman alitaka muziki uingie kwenye pembe zote nane za chumba, usisikike kama unatoka upande fulani jukwaani. Mara ya pili nilikaa macho na ndipo nikagundua kinachobadilika. Ni sikio. Ukikaa na turubai ya Rothko dakika mbili ni nyeusi tu. Kumi, unaanza kuona kingo, unaona weusi wa kushoto una damu na wa kulia una buluu. Rangi haijasogea. Sauti ile ile ya kwaya mara ya saba ina kitu ambacho mara ya kwanza hukukisikia, na wao hawajabadilisha kitu.

Kwa hiyo nakubali: sikuwa nimefika kwako. Mussorgsky alijichora mwenyewe akitembea mbele ya picha. Kwa Feldman anayetembea umeachiwa uwe wewe, tena uko kwenye benchi.

Unalo basi la kumpa mwanamuziki, ila umpate mvumilivu. Usimpelekee picha ya simu. Mwite studio, mpe kiti, usimweleze kitu. Akianza kuuliza “hii ina maana gani” kabla ya nusu saa, mpe chai na umtafute mwingine.

Na kama utausikiliza huo wa Houston, usikate katikati kwa kuchoka. Karibu na mwisho, baada ya ukimya wote ule, fiola inaingia na wimbo wa kweli, wenye mwanzo na mwisho, unaoimbika, na chini yake vibrafoni inarudia noti chache zilezile kama mtu anayebembeleza mtoto. Una ladha ya sinagogi. Feldman aliutunga akiwa na miaka 15 na akauweka. Unaimbika hata na wewe: mimi nimewahi kuupiga mluzi sokoni nikinunua dagaa, muuzaji akaniuliza ni wa harusi gani.